Kesi ya Banda la Sungura

Siku ile walikuwapo Birika muuza kahawa, Pasi mwenye kibanda cha kunyooshea nguo, Afande mlinzi mstaafu, Chakavu muuza vitu vilivyotumika, ambaye hakuja mwenyewe bali aliitwa, na Mama Pacha mwenye kware. Pacha wenyewe walikuwapo pia, mmoja mgongoni kwa mama amelala, mwingine ameketi chini mbele ya Afande akitafuna kamba ya kiatu cha mzee huyo, na Afande akijifanya haoni ili mtoto asikatishwe raha. Benchi lao ni ubao mmoja mrefu uliotegwa juu ya matofali ya katikati, ubavuni mwa kibanda cha Pasi, pale njia mbili zinapokutana. Mtu wa mwisho huku akisimama bila taarifa, wa mwisho kule anakwenda chini, na wote walilijua hilo, kwa hiyo walisimama na kukaa kwa makubaliano. Nyuma ya benchi, vimeegemezwa ukutani, palikuwa na vizimba viwili vya sungura, kimoja juu ya kingine, rangi ya kijani imebanduka. Watu waliviita banda, kwa umoja wake. Ndani hamkuwa na sungura. Mlikuwa na vifaranga wa kware, na asubuhi hiyo walikuwa wamekufa wengine tena.

Mama Pacha alikaa mwisho wa benchi na kikapu miguuni. Kikapu kilikuwa kimetandikwa majani makavu, tayari kwa vifaranga waliobaki, ambao bado walikuwa bandani. Alikuwa ameshampigia simu mama yake mkubwa, aliyemtotolea vifaranga hao kwenye mashine yake, na mama mkubwa alisema, tena kwa upole, kwamba waliobaki warudishwe jioni hiyo hiyo kwa gari, kabla hawajaisha wote. Mama Pacha alikubali. Kila kazi aliyowahi kuijaribu tangu ajifungue ilitaka mtu mwenye mikono mitupu, na mikono yake yeye ilikuwa na watoto wawili. Kware ndio waliokuwa wamemkubali na pacha wake. Sasa alikuwa anangoja gari la jioni, na wenzake wa kijiweni wakaona haiwezekani aondoke hivi hivi bila mtu kuulizwa.

— Simama hapo tukuone, — Afande alimwambia Chakavu.

— Nimesimama tangu nifike. Benchi limejaa.

— Mshitakiwa hakai.

— Mshitakiwa? Mimi nimeitwa kuangalia bawaba. Mtu kaniambia bawaba ya mlango imeng'oka.

— Hiyo ilikuwa mbinu, — alisema Pasi kutoka dirishani kwake, akinyunyizia shati maji. — Tungekwambia ukweli ungekuja?

— Ningekuja na bisibisi hii hii.

Na kweli alikuwa nayo mkononi. Mama Pacha aliitazama ile bisibisi. Alikumbuka kwamba siku aliponunua banda, Chakavu alimfungia bawaba mpya bila kuombwa, akasema mama mwenye watoto wawili hawezi kupigana na mlango pia.

— Sikiliza mashitaka, — Afande aliendelea. — Binti huyu mumewe yuko safarini na malori. Watoto wawili, titi halitoshi, usingizi hana. Akakwambia anataka mahali pa kufugia vifaranga. Wewe, na mvi zako hizo, ukamuuzia jeneza.

— Nilimuuzia banda la sungura.

— Jeneza lenye wavu.

— Mwenyewe alilikagua kote. Muulizeni. Alipitisha kidole kwenye wavu, kikapita, akasema vifaranga wake watatoka kama unga kwenye chekecho. Nani alimpa kipande cha wavu wa dirisha atandike kwa ndani? Na nilimpa bure.

— Hapo ndipo ulipotutia shaka, — alisema Birika, akipanga vikombe. — Muuza vitu akikupa kitu bure, ujue ana lake.

— Kwa hiyo ningemtoza?

— Ungemtoza tungekuelewa.

Chakavu alihamishia bisibisi mkono wa pili. Alimtazama Mama Pacha, na Mama Pacha akatazama kikapu. Hakutaka mtu yeyote asimamishwe juani kwa ajili yake, lakini kila akifikiria alichokiona alfajiri, moyo wake ulikuwa unatafuta mtu wa kumkasirikia, na huyu alikuwa karibu.

— Binti, — Afande alisema, — eleza kama mbele ya hakimu. Usiache kitu.

— Mmeshasikia wote, mzee.

— Yeye hajasikia. Au anajifanya.

Basi Mama Pacha akaeleza. Alisema kwamba mwanzoni aliwaweka vifaranga chumbani, ndani ya katoni karibu na kitanda chini ya taa, mpaka sauti zao zikamfikia mwenye nyumba, naye akasema hakupangisha ndege. Ndipo kaka Pasi alipomwambia alete banda pale ukutani kwake. Banda alilisugua kwa maji yaliyochemka na sabuni, akakwangua mikojo ya sungura kwa kisu, akalianika juani upande huu na upande huu mpaka harufu ikaisha na utitiri ukafa. Akatandika wavu mdogo, juu yake maranda. Vifaranga walikuwa wameanza kuota manyoya kwenye mabawa, lakini migongo bado ilikuwa usufi mtupu, na mwenye usufi baridi humuua.

— Kwa hiyo kila jioni nachemsha maji. Natia kwenye dumu, nalivalisha sweta la baba wa pacha ili lisiwachome, naliweka katikati. Wanalikumbatia wote. Kisahani cha maji nakijaza kokoto, wanywe katikati ya mawe, maana kifaranga wa kware anazama kwenye maji ambayo hata kucha hayafuniki. Halafu nashusha gunia mbele, naweka komeo, naenda kuwaogesha hawa.

— Na asubuhi? — aliuliza Chakavu.

— Asubuhi gunia limepandishwa. Limekunjwa vizuri, limewekwa juu ya banda. Dumu liko nje, limesimamishwa ukutani, sweta limefungwa kifungo. Kisahani kinang'aa, kimejaa pomoni, kokoto hamna. Na wao wamerundikana kwenye kona, wamelowa. Wa juu wazima. Wa chini...

Birika alimsogezea kikombe. Tangu ajifungue, kahawa yake Birika aliimimina nusu, nusu nyingine maji ya moto, kwa ajili ya maziwa ya watoto, na hakuwahi kulisema hilo mbele ya watu.

— Wiki hii yote, — alisema Mama Pacha. — Leo ndiyo basi.

Chakavu alikuna kichwa kwa bisibisi.

— Na banda lilifanya kosa gani hapo?

— Umeona? — Pasi aliweka pasi chini kwa kishindo. — Umeona roho yake ilivyo? Mtu analia, yeye anatetea mbao. Mimi nitakwambia kosa. Kesi yote iko kwenye gunia. Mtu gani mwenye akili timamu anafunua watoto wachanga baridi ile? Huyo ana roho ya chuma.

Afande alikohoa kikohozi kirefu.

— Gunia si hoja, — alisema alipomaliza. — Hewa haijawahi kuua mtu. Hoja ni maji. Nani kajaza maji pomoni? Nani katupa kokoto? Nioneshe aliyetupa kokoto nami nikuoneshe muuaji.

— Taratibu, mzee, — alisema Birika. — Maji masafi nayo yamekuwa sumu? Watu wanakufa kwa kukosa maji masafi, nyinyi mnalalamika. Hoja ni dumu. Mtu anamnyang'anya mtoto joto lake. Huyo hata mbwa hawezi kumlisha.

— Joto nalo lina hatari zake, — alisema Pasi haraka. — Usinifundishe mimi joto.

— Sikufundishi. Nasema aliyetoa dumu...

— Na mimi nasema aliyefunua gunia.

— Mnapoteza lengo, — Afande aliwakata. — Lengo limesimama hapa na bisibisi.

Wote wakamgeukia Chakavu, na Mama Pacha aliona kama vile walifurahi kupata pa kutazama. Pasi alikuwa amerudi kunyoosha shati ambalo lilikuwa limekwisha kunyooka zamani.

— Banda hili umeliuza mara ngapi? — aliuliza Birika.

— Mara moja. Kwake.

— Kabla yake?

— Lilitoka kwa mwalimu aliyehamishwa kikazi.

— Ndivyo unavyosema. Mimi naona hivi. Huyu analiuza banda. Jioni anamtuma kijana wake anafunua, anatoa joto, anamwaga maji. Mifugo inakufa. Mwenye mifugo anakata tamaa, anamrudishia banda kwa bei ya kuni. Analiuza tena. Banda moja linamlisha mwaka mzima.

— Kijana gani? Mimi nina mabinti watatu na wote wameolewa.

— Basi mkwe.

— Hapana, hiyo ni ndogo, — alisema Afande. — Mtu mmoja hawezi. Hiyo ni kazi ya kundi. Mimi nimelinda maghala, nalijua kundi. Mmoja anasimama kona, mmoja kwenye komeo, wa tatu yuko juu. Na juu ni nani? Mwenye nyumba. Mwenye nyumba kawafukuza vifaranga chumbani, sivyo? Akamwelekeza binti kwenye banda la huyu. Wamegawana.

— Mwenye nyumba simjui hata kwa sura, — alisema Chakavu.

— Ndivyo makundi yanavyofanya kazi. Hawajuani.

— Nyote mnatazama chini, — alisema Pasi. — Inueni macho. Mayai ya kware yakianza kutoka hapa, nani ataumia? Wenye kuku. Wale hawalali. Malori ya mayai yanapita hapa kila siku, mmeshaona yanavyopunguza mwendo hii kona?

— Yanapunguza kwa sababu ya shimo, — alisema Chakavu.

— Shimo lilichimbwa na nani?

Hapo hata Afande aligeuka kulitazama shimo. Birika akatikisa kichwa kama mtu aliyevumilia mengi.

— Mimi nilikuwa sitaki kusema, kwa sababu ya watoto hapa. Lakini mnanilazimisha. Banda hili walikaa akina nani?

— Sungura.

— Walikwenda wapi?

— Mwalimu aliwauza, — alisema Chakavu.

— Wakaliwa. Wamezaliwa humo, wamekulia humo, wametolewa humo wakaliwa. Leo anakuja ndege kulalia maranda mahali pao. Sungura ana kinyongo, nyinyi. Mwenzao mmoja alitoroka, yuko huku mitaani, jioni anarudi. Anafungua komeo kwa meno.

— Na gunia anakunja?

— Umewahi kumwona sungura anavyonawa uso? Mikono ile itashindwa na gunia?

— Na kifungo cha sweta? — aliuliza Chakavu.

— Kifungo ndicho kitu chepesi kuliko vyote.

Mama Pacha alijikuta anataka kucheka, na kwa sababu alitaka kucheka machozi yakamtoka. Akajifuta kwa ncha ya kanga ya mtoto. Afande aliyaona yale machozi, na hasira yake ikapanda mpaka sauti ikakwaruza.

— Inatosha. Hukumu. Banda livunjwe leo, mbao Birika achemshie kahawa. Na huyu arudishe alichopokea, tena aombe radhi hapa hapa, mbele ya huyu mtoto.

Yule mtoto aliiacha kamba ya kiatu, akamtazama Chakavu kama anayengoja radhi yake.

Sasa ikawa zamu ya Chakavu. Alikuwa mtu wa maneno machache, siku zote aliviacha vyombo vyake vijiuze vyenyewe, lakini watu wote wana mwisho.

— Nimewasikiliza, — alisema. — Nimesimama juani nimewasikiliza. Mimi nimeuza banda. Sikuuza baridi, sikuuza gunia, sikuuza maji. Dada huyu kaniuliza mambo ambayo wanunuzi wangu hawaulizi, nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu leo nimemuuzia mtu anayejua kulea. Leo mnaniita muuaji. Nyinyi. Nyinyi mmekuwa watetezi wa ndege tangu lini? Juzi nimepita hapa, Afande ulikuwa unawaita vumbi lenye macho. Wewe Pasi ulisema ukipiga chafya mradi wote unapeperuka. Na wewe Birika nilikusikia, kwa masikio yangu haya, ukimuuliza dada kama wanaliwa kwa uma au kwa kijiko. Ulimuuliza akiwa hapa hapa, anawalisha.

Yalikuwa kweli, na Mama Pacha alijua kuwa ni kweli. Walikuwa wamewacheka vifaranga wake tangu siku ya kwanza. Yeye hakuchukia. Alidhani wanaume wakikaa pamoja ndivyo walivyo, na kwamba wasingecheka kitu ambacho hawakukitazama.

— Mzaha ni mzaha, — alisema Birika kwa sauti ya chini.

— Basi na mimi nifanyieni mzaha nikae.

Ndipo akaja mwanamke mmoja na gauni jeupe la kazi mkononi, amelikunja juu ya kiwiko. Hawakumjua. Aliwasalimu wote, akamsalimu na mtoto aliyekuwa chini, akampa Pasi gauni lake, akamwomba aliangalie sana kola. Lakini hakuondoka. Alisimama akichungulia banda, uso wake umekunjuka.

— Samahani, — alisema. — Nyinyi ndio wale wa zamu?

— Zamu ipi, dada? — aliuliza Pasi.

— Ya ndege. Mimi ndiye mpangaji mpya wa chumba kile cha juu, dirisha lile lenye pazia la maua. Huku bado sina ninayemjua, kwa hiyo jioni kabla ya kwenda kazini nakaa dirishani. Nawaona kila siku.

— Unawaona akina nani? — aliuliza Mama Pacha.

— Si ninyi hawa? Wewe dada ndiye unayeanza. Unaweka dumu, unashusha gunia, unaingia ndani na watoto. Ukiingia tu anakuja mzee huyu. Anatazama huku na huku, anapandisha gunia, analikunja pembe kwa pembe, halafu anarudi hatua moja nyuma anawapigia saluti.

Afande aliinamia kamba ya kiatu chake.

— Akiondoka anakuja kaka mwenye pasi. Anatoa dumu, analigusa kwa shavu kwanza kama anapima homa ya mtoto, anatikisa kichwa, analisimamisha nje na sweta lake. Mwisho kabisa mwenye kahawa. Yeye huyo ndiye ananifurahisha. Anakiosha kisahani mara mbili, anamimina maji ya birika, anaonja kwanza yeye mwenyewe. Nikasema, jamani, nimehamia mtaa wenye watu. Kule nilikotoka mtu akifa mnajua kwa harufu.

Alicheka kidogo peke yake.

— Basi nilikuwa naomba kuuliza tu. Zamu hizi anapanga nani? Na mimi nataka yangu.

Pasi alikuwa ameiacha pasi juu ya ubao, kitambaa kikaanza kutoa moshi mwembamba, wala hakuiinua. Birika alikuwa ameshika kikombe na kitambaa cha kukifutia, mikono imesimama. Swali lilikuwa jepesi, na mwenye kuuliza alikuwa anangoja kwa adabu.

Mama Pacha alisimama. Alisimama bila taarifa, na mwisho wa pili wa benchi ukashuka na Afande akashuka nao, akaketi chini kando ya mtoto. Mtoto alipiga makofi.

— Mzee Afande, — alisema Mama Pacha.

— Binti.

— Gunia?

Afande hakuinuka. Alijibu pale pale chini.

— Nimelinda miaka mingi ndani ya kibanda cha bati, binti. Hakina dirisha. Kuna siku nilianguka humo nikatolewa na watu. Nilipowaona wamefunikwa vile, sikuweza kwenda kulala.

— Gunia lina matundu, mzee. Uliwahi kulitazama kwa karibu?

— Sikulitazama.

— Kaka Pasi. Dumu langu?

Pasi alinyoosha mkono dirishani, akageuza kiganja. Kulikuwa na alama ndefu ya kuungua, ya zamani, iliyokwenda mpaka kwenye kiwiko.

— Lilikuwa la moto, dada. Ngozi zao zile. Nilisema nikichelewa dakika moja nitakuta wameungua.

— Kuna sweta.

— Niliona sweta. Sikuliamini.

— Shemeji Birika.

— Nisamehe, shemeji.

— Kokoto zangu ziko wapi?

— Nilizitupa barabarani. Nikajua ni watoto wa mtaani wanawatilia mawe. Chombo cha kunywea chenye mawe, shemeji, mimi nikimpa mteja kikombe kama hicho atanirudia tena? Kila siku natupa, kila siku nakuta mengine. Nilikuwa nawatukana hao watoto moyoni.

Mama Pacha aligeuka ghafla kuwatazama wote. Mtoto wa mgongoni akazinduka, akaanza kulia, naye akamtikisa huku akisema, na sauti yake haikuwa kubwa, lakini mpangaji mpya alirudi nyuma.

— Nimewaogesha wanangu maji ya baridi ili ya moto yawe ya dumu. Kila asubuhi nafungua mlango ule naokota, natia kwenye karatasi, naenda kufukia kabla nyinyi hamjafika, ili msinione. Nikasema kuna mtu mbaya ananichukia na sijui nimemkosea nini. Mtu mbaya ningemlaani nikamaliza. Nyinyi nitawafanya nini? Mmoja ananiazima ukuta wake. Mmoja anampa mwanangu kiatu atafune. Mmoja ananimiminia kahawa ya mgonjwa. Nitawafanya nini? Si mngeniuliza? Mdomo mnao. Tangu asubuhi mmeutumia kwa huyu baba wa watu. Mnajua malori, mnajua sungura wenye vinyongo, mlishindwa kuniuliza mimi niliyekaa hapa: Mama Pacha, hizi kokoto za nini?

— Tungeanzia wapi? — alisema Afande, bado yuko chini. — Nimewaita vumbi lenye macho mchana kutwa. Jioni nije nikuulize kama wanapumua?

— Ndiyo. Ungekuja.

— Ndiyo, — alikubali Afande. — Ningekuja.

Kitambaa cha Pasi kikanuka kuungua kabisa. Akaiinua pasi, akamgeukia mwenye gauni, akasema bahati nzuri si gauni lake.

— Na mimi? — aliuliza Chakavu.

Walikuwa wamemsahau. Alikuwa bado amesimama mahali alipowekwa, kijasho kinamtoka kwenye mvi. Afande akajizoazoa, akapangusa suruali, akaliweka benchi sawa na kulishikilia kwa mikono miwili.

— Kaa, mzee mwenzangu.

— Mshitakiwa hakai.

— Kaa, nakuomba. Nimelishika.

Chakavu akakaa. Birika akainamisha birika juu ya kikombe. Kahawa ilitoka uzi mwembamba, ikakatika, likatoka tone, ikaisha. Kikombe hakikufika hata nusu. Birika akampa Chakavu kwa mikono miwili na kichwa ameinamisha, na Chakavu alikipokea hivyo hivyo, akanywa kahawa yote kwa funda moja, akakizungusha kikombe kitupu mkononi mpaka kila mtu akaona haya vya kutosha. Halafu akainuka, Afande akilishika benchi, akaenda kwenye banda akaanza kukaza skrubu za bawaba ambazo hazikuwa zimelegea.

— Maana nimeshakuja, — alisema.

Gari la jioni lilipiga honi kule mbele. Wote walilisikia. Walikitazama kikapu, na baada ya kikapu wakamtazama Mama Pacha. Birika peke yake ndiye aliyeinama barabarani, anatafuta kitu kwenye vumbi kwa vidole. Aliokota kokoto moja, akaifuta kwa kitambaa chake cha vikombe, akaitia mfukoni. Akaokota nyingine.

— Hizo kubwa, shemeji, — alisema Mama Pacha. — Tafuta ndogo.

Mpangaji mpya alikuwa bado amesimama pale pale, hajui kama ameharibu au ametengeneza.

— Samahani, — alisema. — Kuhusu zamu yangu.

Mama Pacha alikiinua kikapu, akafungua mlango wa banda, akamwaga majani makavu yote upande wa vifaranga. Gari likaenda bila kikapu.

Siku hizi gunia hushushwa na mtu mmoja tu kila jioni, na Jumatano mtu huyo ni mpangaji wa chumba cha juu.